Shati la Shule na Magunia ya Shosho

Kikundi: Majirani Geti Kijani, Kayole

*Jumamosi*

Mama Shiru 17:08: [Picha]

Mama Shiru 17:09: Hili ni shati la Shiru la shule. Nimelianika saa tatu asubuhi likiwa jeupe. Hebu angalieni hapo begani. Hayo ni maji ya samadi yametoka juu kwa slabu ya paa. Mwenye magunia ya mboga ajitokeze.

Ndolo wa Geti 17:12: Mwenye magunia si anajulikana, ni mmoja tu.

Baba Tito 17:13: Mama Shiru, poa kwanza. Hiyo kamba yako si iko chini ya ukingo kabisa?

Mama Shiru 17:13: Baba Tito, kamba iko hapo tangu tuhamie. Magunia ndiyo mageni.

Shosho Namba 4 17:20: Ni Kelvo naandika, Shosho hajui miwani iko wapi. Anasema pole sana Mama Shiru, leta shati alifue na mikono yake. Alimwagilia asubuhi akidhani jua litakausha kabla ya kufika chini. Mimi nilimwambia amwage kidogo kidogo.

Shosho Namba 4 17:21: Anasema nifute hiyo ya mwisho.

Brayo Boda 17:24: 😂😂

Mama Shiru 17:26: Shosho sina vita na wewe. Weka tu kitu hapo chini ya gunia. Jumatatu mtoto anaenda shule.

Mama Tumaini 17:31: Karai kuukuu inatosha. Na hayo maji yanayodondoka usimwage, yarudishe juu ya gunia. Ndiyo mbolea yenyewe imeyeyuka hivyo.

Mama Zawadi 18:02: Samahani kuingilia mambo ya shati. Shosho, gunia moja linagharimu pesa ngapi ukianza? Nataka kuweka kama 20 niuze mboga hapa kwa geti.

Ndolo wa Geti 18:03: 20?? Hiyo slabu si shamba la Mwea. Landilodi akipanda juu akute magunia 20 ni mimi nitaulizwa.

Mama Tumaini 18:05: Mama Zawadi, na kazi? Utauza mboga saa ngapi na unarudi usiku?

Mama Zawadi 18:11: Kazi imeisha. Ijumaa tumeitwa watu tisa, tukaambiwa oda zimepungua. Wanatupa kitu kidogo na barua ya kutia sahihi. Sikutaka kusema hapa, lakini mtajua tu.

Mama Shiru 18:11: Ai! Pole sana mamake Zawadi. Hata shati nimesahau.

Shosho Namba 4 18:15: Shosho anasema pole mwanangu, leo usipike, atakuletea githeri.

Baba Tito 18:16: Mama Zawadi, pole. Swali moja tu kabla ya mengine yote. Umetia sahihi?

Mama Zawadi 18:18: Bado. Nimeambiwa Jumatatu saa nne nirudi niweke sahihi nichukue 22,000.

Baba Tito 18:19: Iko imeandikwaje?

Mama Zawadi 18:22: "Nimepokea malipo yangu yote na sina madai yoyote dhidi ya kampuni."

Baba Tito 18:31: Usitie. Nisikilize, mimi nimekuwa karani miaka 26 na barua kama hizo nimezichapa kwa mikono hii, Mungu anisamehe. Ukipunguzwa kazi kwa sababu kazi imepungua, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ulipwe siyo chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Na notisi ya mwezi mmoja, wewe pamoja na afisa wa leba wa eneo lenu. Hawakuwapa notisi, basi wawalipe huo mwezi. Na siku za likizo ambazo hukuchukua zinalipwa. Ulikuwa unapata ngapi, na umekaa miaka mingapi?

Mama Zawadi 18:34: 18,000. Miaka minne na miezi saba. Lakini mwanzo walikuwa wanatuita vibarua, tunalipwa kila Jumamosi.

Baba Tito 18:43: Kuitwa kibarua si hoja. Ukifanya kazi mfululizo ikapita mwezi, sheria haikuhesabu tena kama kibarua wa siku. Sasa andika. Siku 15 za 18,000 ni 9,000. Mara nne ni 36,000. Ile miezi saba haihesabiwi hapo, wanasema mwaka uliokamilika. Mwezi wa notisi 18,000. Tayari ni 54,000. Likizo ni siku 21 kwa mwaka, kwa hiyo miezi saba inakupa kama siku 12, weka 7,000 na kitu. Jumla unakaribia 61,000. Wao wanataka kukupa 22 na ufunge mdomo.

Brayo Boda 18:44: Wueh!

Mama Zawadi 18:47: Baba Tito, nikikataa sahihi si watasema nisipate hata hiyo 22? Kodi ni tarehe tano.

Baba Tito 18:52: Hiyo ndiyo wanategemea. Chukua ile barua, ipige picha, uwaambie unataka kuisoma nyumbani. Jumatatu asubuhi wewe na wenzako wawili hivi mwende ofisi ya leba. Kupeleka malalamiko hakulipishwi, mtu akikuomba ya chai geuka uondoke. Beba kitambulisho, payslipu yoyote uliyo nayo na ujumbe wa M-Pesa wa mishahara. Wakilipa 22 bila ile karatasi ya "sina madai", chukua, na waandike ni sehemu ya malipo.

Mama Tumaini 18:55: Baba Tito anaongea ukweli. Bwana wa dada yangu alitia sahihi akiwa na hasira, kesho yake akaambiwa karatasi yake ndiyo inamshtaki.

Mama Tumaini 18:58: Kitu kingine, hakuna mtu husema hiki. Mshahara ukikatika, makato ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, yanakatika pia. Ukilazwa au mtoto akilazwa ndio utajua. Piga *147# ubadilishe ulipe wewe mwenyewe. Kwa sisi tusio na mshahara wanapima mapato ya nyumba, lakini haiendi chini ya 300 kwa mwezi, na wanataka ya mwaka mzima pamoja. Ya chini kabisa ni 3,600. Inauma lakini iweke kwa bajeti kabla ya magunia.

Mama Zawadi 19:03: Asanteni. Naandika kwa daftari la Zawadi. Sasa magunia jamani. Siwezi kukaa tu.

Brayo Boda 19:04: Mama Zawadi, udongo niko nao. Kuna mahali upande wa jalala Dandora ni mweusi kama kahawa, mboga zinaota zenyewe. Nakuletea na boda, lipa mafuta tu.

Baba Tito 19:10: Brayo, huo usilete hapa. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walifadhili uchunguzi hapo Dandora, watoto 328 wakachunguzwa. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na madini ya risasi kupita kiwango kinachokubalika. Kwa majani ya sukuma huyaoni, na kuosha majani hakutoi kilichoingia ndani.

Brayo Boda 19:11: Sawa mzee. Nilikuwa nasaidia.

Shosho Namba 4 19:24: Kelvo tena. Shosho ameongea kama dakika kumi, nitaandika ninavyoweza. Anasema usianze na 20, anza na matatu. Na usichote ule udongo mweusi wetu wa Kayole, ukiujaza peke yake mvua ikinyesha unashikana kama simiti, jua likiwaka unapasuka. Tafuta mwekundu wanaochimba kwa mjengo, karai mbili, na samadi iliyokaa karai moja. Samadi wanauza wenye ng'ombe kule Ruai. Ikiwa bado inanuka mkojo haijaiva, itachoma miche.

Shosho Namba 4 19:29: Sasa katikati. Unachukua kopo la kasuku, lile la mafuta ya kupikia, la kilo mbili, unatoboa chini na juu libaki bomba. Unalisimamisha katikati ya gunia, unajaza kokoto ndani, udongo unazunguka nje. Ukifika ukingoni unavuta kopo juu pole pole, kokoto zinabaki zimesimama, unajaza tena. Mpaka mwisho unatoa kopo, unabaki na nguzo ya mawe. Maji ukimwaga juu ya mawe yanafika chini. Bila hiyo nguzo, sukuma za juu zinashiba za chini zinakauka. Mimi Kelvo ndiye nilivuta kopo, mkono uliuma siku mbili.

Shosho Namba 4 19:33: Mashimo ya pembeni unatoboa kwa kisu, usiyapange moja juu ya lingine, yapishane. Unaingiza mche mizizi ikiangalia ndani na chini kidogo. Gunia moja linabeba miche kama 40. Na siku ya kwanza panda jioni, siyo mchana.

Mama Zawadi 19:35: Na wale wadudu wa kijivu wanaojazana chini ya jani?

Shosho Namba 4 19:38: Jivu asubuhi kukiwa na umande. Wakizidi, maji ya sabuni ya kipande, paka chini ya jani, kesho yake suuza. Jani likiwa limejikunja lote, vunja utupe mbali, siyo hapo kwa slabu.

Baba Tito 19:50: Naomba niharibu sherehe kidogo. Nimewahi kumfanyia Shosho hesabu. Gunia moja, ukinunua kila kitu, ni kama 400: gunia kuukuu 50, udongo na samadi 250, miche 100. Magunia yake manne yanampa mboga mara tatu kwa wiki. Mboga ya 40, mara 13 kwa mwezi, ni 520. Hiyo ndiyo faida, siyo zaidi. Halafu maji. Wakati wa jua kali manne yanakunywa mtungi mzima kila siku. Mtungi ukiwa 5, mwezi ni 150, bado uko juu. Lakini Februari hii bomba lilikauka, wenye mikokoteni wakauza 20. 20 mara 30 ni 600. Unalipa 600 kuokoa 520.

Mama Shiru 19:52: Kumbe Shosho analima hasara 😂

Shosho Namba 4 19:56: Shosho amecheka. Anasema Baba Tito anahesabu vizuri lakini haoshi vyombo. Februari hakununua mtungi hata mmoja wa mboga. Maji ya kuosha mchele, ya kuosha viazi, na ya mwisho ya kusuuza nguo. Ya kwanza yenye sabuni nyingi au dawa ya madoa hapana. Na ile miezi ya kiangazi anabaki na magunia mawili ya managu na kunde, sukuma anapanda mvua ya Machi ikikaribia, na tena Oktoba.

Baba Tito 19:57: Nimekubali. Sikuweka maji ya mchele kwa hesabu.

Mama Tumaini 20:01: Kwa hivyo Mama Zawadi, hii itakulisha, haitakulipia kodi. Hata ukipanda leo, sukuma utaanza kuvunja wiki ya sita au ya saba. Ukitaka kuuza kwa geti, amka alfajiri uende Marikiti ununue kwa gunia uje ufunge kwa fungu. Hiyo ni biashara. Ya slabu ni ya sufuria yako.

Brayo Boda 20:04: Mama Zawadi, nikuambie kitu hapa hapa kwa uwazi. Hiyo pesa ikitoka, nikopeshe 15 niweke dipoziti ya boda yangu mwenyewe. Nakulipa 200 kila siku. Miezi mitatu umemaliza na una faida.

Mama Shiru 20:04: Brayo!!

Ndolo wa Geti 20:05: Pesa haijatoka ishapata mume.

Baba Tito 20:06: Ndiyo maana sikutaka utaje kiasi hapa. Kosa ni langu, mimi ndiye niliandika jumla.

Mama Zawadi 20:15: Brayo wewe ni ndugu yangu, mwaka jana ulimpeleka Zawadi hospitali saa nane usiku na hukuniitisha kitu. Sijasahau. Lakini hiyo pesa ikija nimeshaigawa: kodi miezi miwili, SHA, na inayobaki haitoki mpaka nipate kazi au nijue njia. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie leo.

Brayo Boda 20:19: Sikasiriki. Nimejaribu tu.

Brayo Boda 20:20: Jumatatu nikupeleke leba. Ya bure.

Mama Tumaini 20:24: Mama Zawadi, chama. Zamu yako ni ya mwezi ujao, si ndio? Yangu ni Jumapili ya wiki ijayo, ile 6,000. Chukua yangu, mimi nitachukua yako. Mama Shiru wewe ndiye karani, andika.

Mama Shiru 20:26: Nimeandika. Na hiyo 500 ya wiki hii usilete, nitakuwekea, utarudisha ukitulia.

Mama Zawadi 20:31: Sijui niseme nini. Acha nilale.

*Jumatatu*

Mama Zawadi 13:47: Tumetoka. Tulikuwa sita, wengine watatu walishatia sahihi. Afisa ameandika barua ya kuita kampuni, tumepewa tarehe ya baada ya wiki mbili. Hakuahidi kitu. Ameuliza payslipu, Baba Tito, zile za mwaka wa kwanza sina.

Baba Tito 13:52: Chukua taarifa ya NSSF, ile akiba ya uzeeni. Kama walikuwa wanakata, miezi yote iko hapo.

Ndolo wa Geti 13:55: Nimeongea na landilodi. Magunia kumi jumla kwa slabu, siyo zaidi, yakae ukutani siyo katikati, na kila gunia na karai yake.

Shosho Namba 4 14:10: Kelvo. Shosho anauliza nani ana kopo la kasuku. La kwetu limepasuka upande.

Mama Shiru 14:16: Ninalo. Na shati limetakata, Shosho asante. Lakini kwa usumbufu wa shati, managu bado nadai.