Woofa za inchi 8 zimeoza sponji: nibandike ring mpya au nibadilishe koni?

upepo_kigamboni:
Wakuu habari za leo. Nina spika mbili za miaka ya 1980, boksi limezibwa kabisa, halina tundu la hewa. Ndani kuna woofa (spika ya besi) ya inchi 8 na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kuba. Sponji inayozunguka koni ya woofa imegeuka ungaunga unaonata, ukiigusa inabaki kidoleni. Koni ni ya karatasi, haijachanika. Kwa mita woofa moja inasoma ohm 6.1, nyingine 6.3, na nyuma zimeandikwa ohm 8. Twita ya kushoto inasikika kwa mbali kuliko ya kulia. Fundi mmoja Kariakoo anataka ang'oe koni na koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni), aweke za kisasa. Nikubali? Na kama ni ring tu (duara la kuzunguka koni, badala ya sponji iliyooza), ninunue ya sponji au ya mpira, na gundi ipi?

koili_nzima:
Usikubali. Mita inapima ukinzani wa waya peke yake, na woofa ya ohm 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Koili zako ni nzima. Koni za dukani nyingi zimekusudiwa spika za ukumbini: uzito mwingine, ugumu mwingine. Boksi na krosova yako (saketi inayogawa sauti kati ya woofa na twita) vilipigiwa hesabu kwa koni ile ile ya zamani. Ukiitoa utabaki na boksi zuri lenye sauti ya daladala.

Sponji hiyo ni poliyurethani. Inaliwa na unyevu na joto, iwe spika ilipigwa kila siku au ilikaa stoo. Ndiyo maana muuzaji wa mtumba akikuapia "haijatumika hii", bado bonyeza sponji kwa kidole.

Kabla ya kununua ring, fahamu kwamba "inchi 8" si kipimo. Pima kwa milimita kipenyo cha koni ukingoni, kipenyo cha fremu pale ring inapolala, halafu upana wa lile tuta la katikati ya ring. Ring ikizidi koni kwa milimita 3 tu, tuta litajikunja na koni itakaa upande.

Toa woofa, weka alama waya upi ni chanya. Fanyia kazi kwenye meza isiyo na vumbi la chuma, maana sumaku italivuta lote hadi ndani ya pengo ambamo koili inacheza na hutalitoa. Bandua gasket (pete inayokandamiza sponji kwenye fremu) ya ukingoni kwa kisu butu, utairudisha. Kwenye fremu kwangua mpaka chuma kionekane. Kwenye koni tumia pamba yenye spiriti kidogo, futa kuelekea nje, karatasi isilowe.

Gundi: nyeupe ya seremala inatosha kwa koni ya karatasi na ring ya sponji. Supagluu inaacha ukingo mgumu unaopasuka. Gundi ya viatu inashika papo hapo, hupati nafasi ya kusogeza, na dawa iliyomo inaweza kuyeyusha sponji. Angalia ring ya zamani ilibandikwa juu ya koni au chini yake, ufuate hivyo hivyo. Anza na koni, acha ikauke kabisa, ndipo uje kwenye fremu.

Hapo kwenye fremu ndipo wengi wanapoharibu. Koili inacheza kwenye pengo lenye nafasi ya sehemu ya milimita tu kila upande. Ukibandika ring ikiwa imevuta upande mmoja, koili itasugua chuma kila besi inapopiga, mwishowe vanishi ya waya itatoka na koili kuungua. Njia ya uhakika ni kukata kile kikofia cha katikati kwa wembe mpya, kisha kuchomeka vipande vinne vya filamu ya eksirei, upana wa sentimita 1, kati ya koili na nguzo ya sumaku. Viingie kwa kubana kidogo, visilazimishwe. Paka gundi kwenye fremu, laza ring, rudisha gasket, bana kwa vibanio vya nguo. Filamu usizitoe mpaka gundi ikauke.

Kama hutaki kukata kikofia, piga toni ya 30 Hz kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, sauti ndogo tu, gundi ikiwa bado mbichi. Ukisikia mkwaruzo, sogeza ring kidogo kidogo mpaka upotee. Ni njia nyepesi, ila inahitaji chumba kimya na sikio tulivu.

Acha saa 24. Wakati wa masika acha siku mbili, kwa sababu gundi hii hukauka kwa kupoteza maji na hewa ya Dar wakati huo haina haraka ya kuyapokea. Usianike juani.

mzee_wa_besi:
Yote sawa, ila kwa mtu wa Kigamboni mimi ningeshauri mpira. Ring ya sponji mpya ni poliyurethani vilevile, itaoza tena.

koili_nzima:
Mzee wangu, hoja ni nzuri, lakini mpira ni mzito na mara nyingi mgumu zaidi. Koni ya karatasi nyepesi ikibebeshwa mpira mnene, spika inapungua ukali na mlio wake wa asili unahama. Boksi lililozibwa linasamehe suala la ugumu kwa kuwa hewa ya ndani ndiyo springi kubwa, uzito halisamehi. Akipata mpira mwembamba unaolegea wenyewe ukiushika upande mmoja, sawa, lakini atumie gundi iliyoandikwa inashika mpira, maana nyeupe itabanduka. Na lazima woofa zote mbili zifanane, si moja mpira na moja sponji.

krosova_tu:
Mimi nijibu la twita. Kabla ya kuilaumu, hamishia twita ya kushoto kwenye boksi la kulia. Ikipiga vizuri huko, tatizo ni kapasita ya krosova. Zile za elektroliti za umri huo hukauka.

Isome: tuseme imeandikwa 4.7 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita), 50V. Lazima iwe ile isiyo na chanya wala hasi. Madukani nyingi ni zenye chanya na hasi, hizo usiweke moja peke yake. Ukikosa, chukua mbili za 10 µF, unganisha hasi kwa hasi, utapata kama 5 µF isiyo na upande. Kwa hapo inakubalika. Ya filamu inadumu zaidi, lakini twita inaweza kung'aa kupita kiasi kwa sababu kapasita ya zamani ilikuwa na ukinzani wake. Ikikukera, ongeza rezista ya ohm 0.5 hadi 1 kwa mfululizo. Badilisha kwenye boksi zote mbili.

Ukirudisha woofa, gusa betri ya 1.5V: chanya kwenye nyekundu, koni itoke nje. Spika za JBL za zamani zinafanya kinyume, hivyo usimsahihishe mtengenezaji. Cha muhimu zote mbili ziende upande mmoja, la sivyo besi itapotea.

Na usizibe woofa kwenye boksi kwa silikoni inayonuka siki, asidi yake inakula shaba. Tumia utepe wa sponji laini. Kisha sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vya pande zote mbili na uachie. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikiruka upesi, kagua ukingo wa woofa, twita na tundu la vituo vya waya nyuma.