Sifuri ipi inahesabika? Tarakimu za maana zimetukwamisha

Mama wa Igoma
Habarini wana jukwaa. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, karudi na daftari la fizikia limejaa alama za kosa. 0.0450 kaandika ina tarakimu za maana tano, mwalimu anasema tatu. 3.40 kaandika mbili, eti nayo ni tatu. Kwenye 68,800, ukubwa wa Ziwa Victoria kwa kilomita za mraba, kaandika tano, mwalimu kaweka alama ya kuuliza tu. Mimi naona 3.4 na 3.40 ni kitu kimoja, hata kikokotoo kinaifuta hiyo sifuri. Naombeni maelezo ya kueleweka. Kanuni za kukariri anazo tayari.

Mpimaji Kirumba
Dada, kazi yangu ni mizani ya samaki hapa Mwaloni, na hakuna kinachoniuma kama sifuri kudharauliwa.

Mizani yangu ni ya saa, ina mistari ya kila gramu 100. Ukitundika sangara mshale unacheza kwanza, mkia unachuruzika maji, halafu unatulia. Ukisimama katikati ya 3.4 na 3.5 naandika kilo 3.45. Ile 3.4 nina hakika nayo, 5 nimeikadiria kwa jicho. Basi hizo ndizo tarakimu za maana: zote za hakika, na moja ya mwisho ya kukadiria. Mshale ukikaa juu ya mstari wenyewe naandika 3.40. Sifuri hiyo nimeitazama, ina maana samaki si 3.38 wala si 3.43. Aliyeandika 3.4 hajaniambia hivyo; samaki wake anaweza kuwa popote kati ya 3.35 na 3.45. Kikokotoo kinaifuta kwa sababu hakikuwepo kwenye mizani.

Kwa 0.0450, mwambie binti ageuze kilo ziwe gramu: 45.0. Mzigo ni uleule, ila sifuri za mbele zimetoweka, kwa hiyo hazikuwa sehemu ya kipimo, zilikuwa zinashika nafasi tu. Ya mwisho imebaki. Sifuri iliyobanwa katikati, kama 4.05, inahesabika siku zote.

68,800 mwalimu yuko sahihi kuuliza. Ukiiona hivyo tu huwezi kujua aliyepima aliishia wapi. Akiandika 6.88 × 10⁴ ni tatu, 6.880 × 10⁴ ni nne. Mimi ningeshika tatu, maana ufukwe wenyewe hautulii: mwaka 2024 maji yalipanda hadi kwenye makazi na mashamba ya watu.

Fundi wa Chanja
Kaka, na kwenye hesabu? Chanja ya dagaa nimepima urefu mita 12.4, upana 1.5. Eneo ni 18.6?

Mpimaji Kirumba
Andika 19, fundi. Kwenye kuzidisha na kugawanya, jibu linafuata kipimo chenye tarakimu chache, na upana wako una mbili tu. Upana ungekuwa 1.55 badala ya 1.5, eneo lingefika 19.2, kwa hiyo ile .6 haina pa kusimama. Kama unataka tatu, rudi na futi kamba upime upana hadi sentimita. Kujumlisha ni tofauti, pale unaangalia nafasi za desimali: 12.4 + 1.53 ni 13.9.

Mama wa Igoma
Asante sana kaka, hiyo ya gramu kaielewa papo hapo. Sasa ananiuliza, samaki 50 na sentimita 50 ni sawa?

Mpimaji Kirumba
Swali zuri sana hilo, mpe hongera. Samaki 50 umewahesabu mmoja mmoja, hamna cha kukadiria, namba hiyo haipunguzi tarakimu za jibu lolote. Hata sentimita 50 zilizowekwa na sheria kuwa kimo cha chini cha sangara ni namba kamili, imepangwa, haikupimwa. Ila samaki akilazwa kwenye rula, hapo ni kipimo. Rula yenye mistari ya kila sentimita, aandike 50.0 wala asiiache hiyo sifuri, maana 49.6 nayo ukiikadiria hadi sentimita nzima inasomeka 50, na samaki huyo haruhusiwi.