Bandugu mnishauri: radio ya mawimbi ya chini sana inafika mbali bila rezo (mtandao wa simu)?

Mwana_Kadutu: Bandugu nisaidieni. Kuko muzee hapa Bukavu anasema radio yake ya hertzi 76 inapita milima na maji mpaka Kinshasa, bila setelaiti. Ndugu yangu anachimba ku Kamituga, simu kule ni kubahatisha. Ni kweli?

Fundi wa Ibanda: Kwenda mbali yanaenda. Yanabanwa kati ya ardhi na tabaka la juu la anga lenye chaji, yanasafiri humo kama maji ndani ya tiyo, kilomita elfu moja yanapungua kidogo tu. Ila wimbi moja la hertzi 76 lina urefu wa karibu kilomita 3,900! Wamarekani kule Wisconsin na Michigan walivuta waya makumi ya kilomita msituni, wakala umeme wa megawati, hewani zikatoka wati chache. Ilikuwa ya kuita nyambizi, 1989 mpaka 2004. Antena ya muzee ikoje?

Mwana_Kadutu: Kama mkono hivi. Kisanduku cha kijani.

Mama Bahati: Siye tulikuwa na foni ya parokia, radio ya kuitana, asubui inasikika, saa sita inakoroma tu, na mtaa mzima unajua siri zako.

Papa Kivu: Umeshatoa feza?

Mwana_Kadutu: Avansi kidogo.

Papa Kivu: Kidogo ngapi, na ya nani?

Mwana_Kadutu: Dola mia tatu. Ya likelemba, ule mchezo wa kuchanga feza kwa zamu, zamu ya bibi yangu, mama ya batoto. Lakini tulijaribu, sauti ya mtu ilisikika, na mashine ni nzito si plastiki!

Papa Kivu: Feza ya mwanamke bila kumuuliza, unatafuta laana.

Fundi wa Ibanda: Sauti haiwezi kupita humo. Wamarekani herufi tatu tu ziliwala kama dakika 15, na nyambizi haikuweza kujibu kwa njia hiyo.

Kasuku: Kusalimia "jambo sana" ni robo tatu ya saa, bado hajaomba feza 😂

Mshale: Hiki kisanduku kijani nilikisoma hapa, mwenyewe alikuwa Uvira na ndugu alikuwa Fizi. Weye ndiye muuzaji, unatutegea huruma.

Mwana_Kadutu: Uvira sijawahi kuishi miye!

Mshale: Tuma picha.

Mwana_Kadutu: Iko chini ya kitanda, bibi amelala juu, na hajui bado.

Kasuku: Hata kama ni uongo, uendelee 😂

Fundi wa Ibanda: Mwambie muzee aende Goma na kisanduku chake, simu yake ibaki kwako, aongee kwa kisanduku tu. Salio la feza usitoe.

Mwana_Kadutu: Salio nilishaahidi Ijumaa.