Naomba ushauri: mnunuzi wa Ulaya anataka ramani ya msitu wa kijiji

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilayani Kilwa. Tunavuna mpingo kwenye msitu wa hifadhi ya kijiji, kwa mpango wa uvunaji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Magogo yanagongwa alama kwa nyundo ya misitu, hati ya kusafirishia inakatwa. Hapa nchini hayo yanatosha.

Sasa kuna mnunuzi wa Ujerumani. Kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) si tatizo, mpingo uko kwenye orodha yake tangu 2017. Kinachonitoa jasho ni kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na uharibifu wa misitu: anataka vipimo vya GPS vya eneo tulilokata, na likizidi hekta 4 nukta moja ya GPS haitoshi, lazima mipaka yote ichorwe. Pia athibitishe kuwa msitu haujaharibiwa baada ya 31 Desemba 2020. Hati zangu zinataja jina la kijiji na msitu tu.

Sisi tunachagua mti mmoja mmoja, hatufyeki. Je, nichore kitalu kizima cha uvunaji au msitu wote? Vipimo vya GPS ya simu vinakubalika, au lazima mpimaji? Na muhuri ni wa kijiji au wa afisa misitu wa wilaya? Aliyewahi kuuza huko anisaidie, mnunuzi anasubiri.