Naomba ushauri: nani anaweza kumpendekeza malenga wetu wa Lamu kwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Hapa Langoni, Lamu, tuna mzee wetu malenga. Tenzi zake zinasomwa harusini na kwenye Maulidi, na diwani zake chache zimechapishwa, zote kwa Kiswahili. Sisi vijana wake tungependa jina lake lifike Stockholm akiwa bado hai, maana Nobel hapewi marehemu.

Nimesoma taratibu. Mtu hajipendekezi mwenyewe. Wanaoruhusiwa ni maprofesa wa fasihi na isimu wa vyuo vikuu, waliowahi kushinda, wanachama wa akademia kama ile ya Uswidi inayotoa tuzo hii kule Stockholm, na marais wa vyama vya waandishi vinavyowakilisha fasihi ya nchi zao. Mwisho ni 31 Januari, na majina hufichwa miaka 50. Tuzo ya International Booker haitufai: ni ya riwaya na hadithi fupi zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, si ushairi. Gurnah wa Zanzibar alishinda Nobel 2021, lakini yeye huandika kwa Kiingereza, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Tumemwandikia mhadhiri mmoja wa Kiswahili, hajajibu. Mwalimu wetu hapa anasema tutafsiri kwanza. Mimi naona tafsiri mbovu itamuua mzee kabla hajasomwa.

Basi naomba mnijuze: chama cha washairi cha mkoa kinahesabika, au lazima kiwe cha taifa? Na kwa aliyewahi kumfikia profesa kwa jambo kama hili, mlimpelekea diwani zenyewe tu, au pamoja na tafsiri?