Mrejesho: Blenda "mpya" iliyokuja na maganda ya nyanya

Wakuu, habari za muda. Niliuliza nifanyeje baada ya kununua blenda mpya mtandaoni nikaletewa iliyorudishwa na mteja mwingine: jagi lina ufa, chini ya visu kuna maganda ya nyanya yaliyokauka. Muuzaji akakomaa na "ukishapokea hairudishwi".

Hela yangu nimerudishiwa yote, isipokuwa ya bodaboda, hiyo imekula kwangu. Mlionishauri nisiiwashe kabisa, Mungu awabariki, maana jambo la kwanza alilodai ni kwamba nimeiharibu mwenyewe. Nikamtumia picha ya boksi, selotepu mpya imebandikwa juu ya ile ya kiwandani, pamoja na skrinshoti ya tangazo lake: "mpya, haijafunguliwa". Kimya.

Kilichomzindua ni nilipomwandikia kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na kwamba jagi nalipeleka FCC, Tume ya Ushindani. Jioni ile ile muamala ukasoma. Alitaka kunibadilishia nyingine nikakataa. Nani ajuaye hiyo nayo imetoka jiko gani?

Kwa mliouliza kuhusu risiti: hakunipa. Nilitumia meseji ya malipo ya simu, ina jina lake, kiasi na tarehe, akakosa pa kuchomokea.

Blenda kaifuata bodaboda wake. Juzi nimeiona tena kwenye ukurasa wake, picha ile ile, "mpya, haijafunguliwa".