Tupeane uzoefu: moyo ulipoyumba katikati ya matibabu ya saratani

Ndugu zangu, nilipokuwa natibiwa saratani ya titi hapa Dar es Salaam, kila uchovu niliuhesabu kuwa ni wa dawa. Baada ya dripu ya nne ya doksorubisini, ile nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, nilianza kulalia mito mitatu, kwa kuwa nikilala chali pumzi ilikatika, na jioni viatu havikuingia. Nilivumilia wiki mbili. Eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba moyo unasukuma asilimia 38 tu ya damu inayojaa chumba chake cha kushoto, ilhali kabla ya matibabu ulisukuma 62. Shinikizo la juu la damu, ambalo huongeza hatari hii, nilikuwa nalo tangu zamani, ila sikulitaja kliniki. Dawa ilisimamishwa, nikaanzishiwa dawa za moyo, enalaprili na karvedilolo, na sasa nimefika 48. Wenzangu, dalili yenu ya kwanza ilikuwa ipi?

— Pole sana, dada. Mimi sikuwa na dalili hata moja. Nilikuwa kwenye trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya titi, sindano ya kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na eko ya mwezi wa sita ndiyo iliyofichua kwamba nimeshuka kutoka 60 hadi 46. Dozi mbili ziliahirishwa, moyo ukarudi, nikamalizia. Daktari alinieleza kwamba madhara ya dawa hii mara nyingi hurekebika, tofauti na doksorubisini, ambayo huua chembe za msuli wa moyo na dozi zake hujumlishwa maisha yote, ndiyo maana wanasita kuvuka miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili.

— Kwa baba yangu, mwenye saratani ya utumbo, yalikuwa maumivu ya kifua siku ya pili ya vidonge vya kapesitabini. Zahanati ya jirani ilimpa dawa ya kupunguza asidi tumboni, kumbe mishipa ya moyo ilikuwa inajikaza. Vidonge vilipoachwa, maumivu yalikoma.

— Mimi nilitibiwa leukemia, yaani saratani ya damu, nikiwa na miaka tisa, nikapona. Pumzi ilinibana nikiwa na mimba ya kwanza, miaka kumi na mitano baadaye, na daktari wa moyo akaniuliza niliwahi kupewa doksorubisini kiasi gani. Mama alikumbuka rangi ya dripu tu. Faili halikupatikana tena.